Jinsi ya kupima mkao wa asili wa kichwa na shingo kwenye risechi

Wengi wakianza risechi ya maumivu ya shingo, hasa ya hawa wanaoinamia simu na laptop kutwa, wanahangaika na kamera na programu, kumbe kinachoharibu data ni maneno mawili tu: "simama vizuri". Ukishamwambia mtu hivyo anatoa kifua, anarudisha kidevu nyuma, hapo unapima adabu yake kwako sio mkao wake.

Vifaa sio vya gharama. Ukuta mtupu, tripodi, simu yenye kamera safi, stika ndogo, tepu ya kuweka alama sakafuni, na timazi ya fundi. Simu iwe usawa wa bega la mtu, mbali kiasi, hata mita 2 au 3 halafu uvute kwa zumu, na ile lenzi pana ya 0.5 achana nayo maana inapindisha vitu vya pembeni. Timazi ining'inie ndani ya picha, ndio itakayokwambia baadaye kama simu ilikaa upande.

Kipimo kinachotumika sana ni CVA (craniovertebral angle), pembe inayopatikana kwenye picha ya ubavuni. Unachora mstari wa mlalo unaopita kwenye C7, yaani pingili ya saba ya shingo, halafu mwingine kutoka hapo hadi kile kinundu cha mbele ya tundu la sikio. Pembe ikiwa ndogo maana yake kichwa kimetangulia mbele. Watafiti wengi hukata kwenye digrii 48 hadi 50 hivi, chini ya hapo wanahesabu kichwa kimetangulia, ila usiifanye sheria, aliyekaa na aliyesimama hawafanani, kwahiyo chagua mkao mmoja na ubaki nao mpaka mwisho.

Sasa C7, hapa ndio watu wanapotea. Mwambie ainame, utaona kinundu kimejitokeza nyuma ya shingo, lakini kinaweza kuwa T1 (pingili ya kwanza ya kifua) ya chini yake au C6 ya juu. Weka vidole viwili kwenye vinundu vinavyofuatana, mwambie anyanyue uso taratibu aangalie dari, C6 itateleza kwa mbele kama inazama, C7 itabaki palepale. Na usibandike stika akiwa bado kainama! Ngozi inahama, subiri kichwa kirudi kawaida ndio ubandike, na iwe stika yenye kitu kilichochomoza kidogo ili ionekane kutoka ubavuni. Rasta ndefu zifungwe juu. Kwa anayevaa hijabu andaa chumba cha faragha na mpimaji mwanamke tangu siku ya kupanga, sio mtu kashafika unaanza kubembeleza.

Kupata mkao wenyewe wa asili kuna njia ya zamani, watafiti Solow na Tallgren waliielezea mwaka 1971 na bado inafanya kazi. Mtu avue viatu, mikono ilegee, ainamishe kichwa mbele na kukirudisha nyuma, mwanzo kwa upana kisha kidogo kidogo hadi kitulie chenyewe pale anapojisikia sawa. Macho yaangalie mbele usawa wake. Usimguse, usimsahihishe, na usihesabu "moja mbili tatu" maana ukihesabu atajikaza, piga tu kimyakimya. Angalia mabega yamefunikana kwenye skrini, mwili ukigeuka hata kidogo pembe inakudanganya. Atembee kidogo, arudi kwenye alama, rudia, picha 3 halafu utachukua wastani.

Kusoma pembe tumia programu ya ImageJ au Kinovea, zote bure. Nyoosha kwanza picha kwa timazi. Anayepima asijue nani yuko kundi la tiba, na kama mko wawili pimeni picha zilezile kila mtu kivyake kabla ya kuanza kazi yenyewe.

Halafu kuna kitu wasimamizi huuliza na wanafunzi wanakodoa macho, makosa ya kipimo. Chukua SD (jinsi vipimo vya watu vilivyotawanyika), zidisha na kipeuo cha pili cha (1 − ICC), ICC ikiwa ni namba ya kuonyesha vipimo vilivyorudiwa vinakubaliana kiasi gani, hiyo ndio SEM, yaani kosa la kipimo chenyewe. SEM ikiwa digrii 2, zidisha kwa 2.77, unapata kama 5.5, hayo ndio mabadiliko madogo kabisa ya kuaminika, kwahiyo mgonjwa aliyepanda digrii 3 baada ya mazoezi huwezi kusema amebadilika, inawezekana ni stika tu ilikaa pengine.

Picha zenyewe zinaonyesha uso wa mtu, kwahiyo ridhaa yake iandikwe, faili lipewe namba badala ya jina, na zisibaki kwenye galari ya simu yako wala kurushwa WhatsApp.