Grafu ya kupoa: mstari ukilala, joto bado linatoka

Kila mwaka kwenye hii praktiko ya kupoza naftalini iliyoyeyuka kuna mwanafunzi ananyoosha mkono, "mwalimu, themomita yangu mbovu, imegoma kwenye nyuzi 80." Sio mbovu. Hapo ndo somo lenyewe lilipo, kwa hiyo twende taratibu.

Unahitaji naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini nguo zisiliwe na wadudu, ila soma pakiti kwanza maana vingine ni kemikali tofauti inayoyeyuka kwenye 53 hivi na hapo majibu yako hayatafanana na ya mtu yeyote. Halafu testi tyubu, bika ya maji, stendi, stopwochi na themomita inayofika 110. Fanyeni maabara, madirisha wazi, sio jikoni kwako, mvuke wake una madhara. Na usipitishe moto kwenye tyubu moja kwa moja, naftalini inawaka.

Hatua ya 1. Weka gramu 10 kwenye tyubu, ichovye kwenye maji ya moto mpaka yote iyeyuke na themomita isome kama 95.

Hatua ya 2. Itoe, ifute maji, ifunge kwenye stendi, anza kusoma kila nusu dakika mpaka ifike 60. Koroga polepole na usiache, maana ukiacha inaweza kushuka chini ya 80 ikiwa bado maji maji, afu punje ya kwanza ikiganda themomita inapanda yenyewe kurudi 80, na wengi wakiona hivo wanafuta namba wakidhani wamekosea kusoma. Usifute, andika ulichokiona.

Hatua ya 3. Chora grafu, muda chini, halijoto pembeni. Itashuka, italala kwenye 80, itashuka tena. Sasa pale ilipolala ndo watu wanaandika "joto limeacha kutoka" na wanakosa maksi. Sogeza kiganja karibu na tyubu bila kuigusa, dakika hiyo hiyo themomita imesimama, utasikia ujoto unakuja tu. Angalia na ukutani mwa tyubu, vipande vyeupe vinaanza kujishika kwenye kioo na kusogea katikati. Chembe zikishikana kuwa yabisi zinaachia nishati, ndo joto fiche, na hiyo inafidia kile kinachopotea hewani, kwa hiyo halijoto haishuki mpaka tone la mwisho ligande.

Hatua ya 4, hesabu. Kila gramu ya naftalini ikiganda inatoa kama jouli 148, gramu 10 ni 1480. Kuipoza ikiwa kimiminika toka 95 mpaka 80 ni jouli 255 hivi tu. Yaani pale grafu ilipolala ndo joto jingi limetoka, karibu mara sita!

Wauza barafu za mifuko wanalijua hili kwa vitendo, maji yanakuwa baridi mapema tu ila kuganda ni usiku kucha, maana kilo moja ya maji kwenye sifuri inatoa kilojouli 334 ndo igande, karibu sawa na kuyapoza toka nyuzi 80 mpaka sifuri.

Ukijaribu na nta ya mshumaa mstari hautalala vizuri, utainama, kwa sababu nta ni mchanganyiko na kila kitu ndani yake kina kiwango chake cha kuganda.

Ukimaliza usivute themomita, imeshikwa na itakatika. Rudisha tyubu kwenye maji ya moto kwanza, iyeyuke, ndo uitoe.