Sekunde nne za kaseti ya zamani zinatosha wimbo mzima wa pop

Wengi wakifungua FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, wanapanga ngoma kwanza, halafu ndo wanahangaika kutafuta sampo, yaani kipande cha rekodi ya mtu mwingine, ya kubandika juu. Geuza. Anza na sampo, maana ndo yenye roho ya wimbo, ngoma zitaifuata tu.

Na usichukue wimbo mzima jamani, sekunde nne zinatosha kabisa. Mimi majuzi nilikaa na kaseti ya taarabu ya nyumbani, nikasikiliza upande mzima bila kugusa kitu, nikakuta sehemu moja mwimbaji anavuta pumzi na fidla zinaingia peke yake, hamna ngoma hamna besi. Sehemu tupu kama hizo ndo za kutafuta, kwa sababu utaweza kujenga chochote chini yake bila kugombana na vyombo vya watu.

Ukishaikata, pima tempo. Yangu ilikuwa BPM 95, yaani mapigo 95 kwa dakika, na mimi nataka wimbo wa kucheza, kama 120 hivi. Hapa una njia mbili: unaivuta iende haraka huku pichi, yaani ujuu wa sauti, ikibaki palepale, au unaiongeza spidi kama kaseti inavyokimbizwa, pichi nayo inapanda. Mimi napenda ya pili, ile sauti nyembamba kama ya mtoto ina utamu wake, na hesabu yake ni rahisi, kila semitoni moja, hatua ya kitufe kimoja cha kinanda kwenda cha jirani, ni kama asilimia 6 ya spidi, kwahiyo nikipandisha semitoni 4 nafika karibu 120 kamili. Vijana wa singeli Dar wanaifanya hii kila siku ila wao wanakimbiza mpaka 200 na kupita.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu: kaseti za zamani noti zake hazilingani sawasawa na noti za kibodi yako ya muziki. Ukiweka besi juu ya sampo utasikia kitu kinauma sikio ila hujui nini, unaanza kulaumu miksi wakati tatizo ni robo ya semitoni. Shikilia noti moja ndefu ya sampo, piga noti hiyohiyo kwenye kibodi, sogeza pichi kidogokidogo mpaka ule mtetemo wa wo-wo-wo upungue na kutulia. Nilipoteza usiku mzima kabla sijajua hili.

Halafu kata vipande, kila fidla inapoanza weka kipande chake kwenye pedi yake, yaani kitufe cha kugonga kwa kidole, na kila kipande kipe fedi ya milisekunde chache, sauti iingie na kutoka taratibu mwanzo na mwisho, la sivyo kitapiga tik tik. Cheza kwa vidole, usichore na mausi. Badilisha mpangilio, rudia kimoja mara tatu, ruka kingine. Daft Punk, wale wawili wa Ufaransa, kwenye One More Time ya 2000 walifanya hivyohivyo na wimbo wa disko wa Eddie Johns wa 1979, vipande vidogo vimepangwa upya mpaka vikawa mstari mwingine kabisa.

Filta: ondoa sauti zote nzito za chini ya Hz 150 kwenye sampo, nafasi hiyo ni ya besi yako na ngoma ya chini. Kisha unganisha sampo na ngoma ya chini (wanaita sidechain) ili sauti ya sampo ishuke kidogo kila ngoma hiyo inapopiga, utaona wimbo unaanza kuhema. Vokali, kiitikio, makofi, hayo utayaweka unavyojua mwenyewe, ila kwenye kiitikio acha sampo isikike, usiifunike.

Kabla hujapandisha wimbo popote, omba ruhusa. Ziko mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na mara nyingi ni watu tofauti, kwa Tanzania anza kuulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mwenye rekodi akikosekana, tafuta mpiga fidla umlipe akupigie upya ile sekunde nne, hapo unabaki kumtafuta mtunzi tu.