"Devise": tazama kinacholifuata

Ukikutana na neno la Kiingereza devise, usikimbilie "buni"; tazama kwanza kinacholifuata. Likifuatwa na mpango, njia au mtambo, ni kubuni. Likifuatwa na shamba au nyumba ndani ya wosia, ni kumwachia mtu mali hiyo. Shina ni moja: Kilatini dividere, kugawanya, lililopitia Kifaransa cha kale, deviser. Mwenye wosia hugawa mali. Mwenye kupanga naye huligawa jambo vipande vipande akilini (hapo ndipo neno liliponikaa). Mbinu hii hukwama devise ikiwa nomino, maana hakuna kinachofuata: kwenye wosia huwa ni kule kuachia mali, au ile mali yenyewe iliyoachwa. Ikiandikwa kwa c, device, mara nyingi ni kifaa tu.