Mtoto anayelipuka haraka: jinsi ya kumwingiza kwenye timu ya soka

Mwongozo huu ni kwa makocha wa watoto wa miaka 8 hadi 12. Naongelea yule mtoto asiyetulia, anayesukuma wenzake na kuondoka uwanjani akilia kwa hasira, ambaye timu mbili tatu zimeshamrudisha nyumbani. Wengi wao huharibikiwa wakati wa kusubiri. Mpira ukiwa mguuni wanatulia.

1. Zungumza na mzazi kwanza, mtoto asiwepo. Muulize: nini humchokoza? Kabla hajalipuka anaonyesha dalili gani? Nini humtuliza? Kama anatumia dawa, anazinywa saa ngapi? Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, ukimwona anauma kola ya jezi, ujue yamebaki kidogo." Sentensi hiyo ilinisaidia kuliko cheti chochote.

2. Siku ya kwanza aje mapema. Azunguke uwanja kabla ya kelele kuanza, akutane na wenzake wawili wapole, aoneshwe maji yalipo na pa kupumzikia.

3. Vunja foleni. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Watoto 12 wakipanga mstari kupiga shuti, kila mmoja akitumia sekunde 15, kila mtoto anasubiri karibu dakika tatu. Katika dakika hizo mtoto huyu atamvuta mwenzake jezi, atapiga koni teke, na wewe utamfokea. Wagawe wacheze watatu kwa watatu kwenye viwanja vidogo, mpira namba 4. Mipira ikiwa michache, tengeneza vituo: hapa wanapiga pasi, pale wanakimbia kuzunguka koni, kule danadana. Asiwepo aliyesimama tu.

4. Tangaza mabadiliko kabla hayajafika. Kumkatisha ghafla ni kumchokoza. Sema, "Bado mashuti mawili, halafu tunahama." Maelekezo yawe mafupi, na umwoneshe kwa vitendo.

5. Kubalianeni ishara na mahali pa kutulia. Akigusa kichwa, anatoka mwenyewe hadi chini ya mti, anapiga danadana au anakunywa maji, anarudi akiwa tayari. Usimhubirie anaporudi, mwambie nafasi yake tu: "Ingia kulia." Wewe nawe uwe na ishara yako ya kumtoa unapoona kola iko mdomoni.

Akimpiga mwenzake, hilo ni jambo jingine. Mhudumie kwanza aliyepigwa. Mpigaji anakaa nje kwa muda uleule ambao ungempa mtoto yeyote, na mazungumzo yanasubiri hadi pumzi zake zishuke. Watoto wakiona unampendelea watamchukia, na hapo umempoteza.

6. Kwenye mechi, usimfiche golini. Makocha wengi humweka huko ili asisumbue, kumbe golini ndiko kwenye kusubiri kwingi na lawama nyingi. Mimi humweka winga au kiungo, kwa vipindi vifupi. Kabla ya bonanza, waulize waandaaji kama wanaruhusu aliyetoka kurudi. Sheria za soka za IFAB, chombo kinachotunga sheria za mchezo huu duniani, zinaruhusu mashindano ya watoto kuweka utaratibu huo, pamoja na kumtoa mchezaji kwa muda kwa kosa la kadi ya njano.

7. Linda siri yake. Wazazi wengine watauliza, "Huyu ana nini?" Jibu: "Ni mchezaji wetu, tunamfundisha." Hali yake kiafya ni ya familia kuisema. Ila akiendelea kujiumiza au kuumiza wenzake licha ya haya yote, washauri wazazi kwa faragha wamfikishe hospitali yenye huduma ya afya ya akili kwa watoto.

8. Andika daftarini. Acha kuhesabu magoli. Andika amelipuka saa ngapi, zoezi gani, na mara ngapi ametoka mwenyewe kabla ya kulipuka. Baada ya wiki chache angalia: ukikuta ni zoezi lilelile kila mara, badilisha zoezi.