RAM ya kompyuta ya kwanza ya gemu: nunua pacha, usiokoteze

Mtoto wa mama mdogo alikusanya hela yake ya kusaidia biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza, akaniletea karatasi ya daftari: "Kaka, nataka mashine ya gemu." Prosesa, mazabodi (bodi kuu ambayo vyote huchomekwa), hadi feni alikuwa ameshavichagua. Kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine huitumia ikiwa kazini, ameandika "GB 16" tu, akazungushia duara. Hapo penye duara ndipo tulipokesha siku tatu, na kosa lilikuwa langu, si lake.

Hatua ya 1: Iulize mazabodi

Mazabodi ndiyo inayoamua kama utatumia DDR4 au DDR5, vizazi viwili vya RAM. Zote zina pini 288, ila ule mkato wa chini umekaa mahali tofauti, kwa hiyo ukiona haiingii usiisukumie goti. Mazabodi za AMD zenye soketi ya prosesa ya AM4 ni DDR4. Za AM5 ni DDR5 peke yake. Za Intel za soketi ya LGA1700 zipo za aina zote mbili, soma jina lake kwenye boksi. Ya dogo ilikuwa B450 ya AM4 na prosesa ya Ryzen 5 5600G, yaani DDR4, mjadala ukafungwa.

Kama unajenga AM5, chukua DDR5 ya spidi 6000, CL30 (CL naieleza Hatua ya 3) na ulale. Ila kwa mashine ya kwanza mimi bado natetea DDR4, hasa tangu bei za RAM zipae mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. DDR4 nayo imepanda, lakini ya mtumba ipo.

Hatua ya 2: GB 16

GB 8 haitoshi. FC 24, gemu ya mpira, peke yake inataka 8 kama kiwango cha chini na 12 ndiyo inayopendekezwa, na hapo hujafungua Chrome wala Discord. GB 32 ni nzuri, ila hiyo hela kaiweke kwenye kadi ya michoro.

Hatua ya 3: Stiki mbili za 8, pakiti moja

Stiki moja (kipande kimoja cha RAM) ni kivuko kimoja. Stiki mbili ni vivuko viwili vinavyovuka kwa pamoja: abiria ni wale wale, foleni inapungua nusu. Kwa hesabu, stiki moja ya DDR4 3200 inapitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde, mbili zinafika 51.2. Mwenye kadi ya michoro ataona tofauti kiasi. Asiyekuwa nayo, kama dogo, ataiona hata akisinzia, kwa sababu 5600G inachora yenyewe lakini haina kumbukumbu yake ya michoro, inakopa kwenye RAM. Ukiitengea GB 2, Windows inabaki na 14.

Wale wa "nachukua moja ya 16, nyingine nitaongeza baadaye", tukutane Hatua ya 6.

Kuhusu zile namba za CL, yaani mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu: kupata muda wenyewe, zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa spidi. 3200 CL16 inakupa nanosekunde 10. 6000 CL30, nanosekunde 10 vilevile. Muuzaji akikutisha kwamba CL30 ni nzito, mpe kikokotoo. Taa za rangi siziungi mkono. Zinaongeza bei, na zile zenye mabati marefu hugongana na feni ya prosesa.

Hatua ya 4: Ukinunua mtumba, soma stika

Utakuta maandishi kama 1Rx8 PC4-2400T-UA2-11. Tafuta herufi ya kwanza baada ya kistari cha pili. U ni ya kompyuta ya mezani. S ni ya laptopu, fupi, haitaingia. R ni ya seva: urefu ni ule ule, inaingia vizuri kabisa, bei inachekesha, na mashine yako haitawaka.

Hatua ya 5: Chomeka

Kama sloti ziko nne, hesabu kutoka kwenye prosesa: ya pili na ya nne. Bonyeza mpaka isikike "ta!". Kwa tunaokaa karibu na ziwa, piga brashi kwanza. Kwenye sloti za dogo nilitoa wale wadudu wadogo wa ziwani, wakavu, zaidi ya kumi.

Hatua ya 6: Washa XMP, halafu pima kabla ya kucheza

RAM iliyoandikwa 3200 kwa kawaida huwaka kwa 2133 au 2400 mpaka uingie baiosi, mipangilio ya mazabodi yenyewe (bonyeza Delete mashine inapoanza), na kuwasha XMP, mpangilio unaoipa RAM spidi iliyoandikwa. Baadhi ya mazabodi za AMD huiita DOCP, A-XMP au EXPO. Baada ya hapo mashine inaweza kuzima na kuwaka mara mbili tatu. Iache. AM5 ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, wengi hudhani wameunguza kitu. Ikigoma kabisa, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara kwenye mazabodi, subiri dakika tano, rudisha.

Sasa kosa langu. Mjini tulipata stiki moja tu ya 8. Nikasema haina shida, tuagize ya pili Dar: kampuni ile ile, 3200 ile ile, CL16 ile ile. Kesho yake tukaipokea stendi ya Nyegezi. Ukiziweka pamoja hutofautishi. Lakini kiwanda hubadilisha chip za ndani bila kubadilisha jina la nje, ndiyo maana zinazouzwa pakiti moja hupimwa pamoja.

Mashine ikawaka vizuri, XMP ikakubali. Gemu ikaenda dakika ishirini, skrini ya bluu. Tukalaumu umeme. Tukalaumu Windows, nikaiweka upya mara mbili. Nikalaumu hata flashi ya dogo. Usiku wa tatu ndipo nikakumbuka MemTest86, programu ya kupima RAM.

Ni ya bure, unaiweka kwenye flashi na kuwashia mashine humo. Mzunguko mmoja wa GB 16 unaweza kula saa nzima au zaidi, na toleo la bure linakwenda mizunguko minne. Azima UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika: sisi umeme ulikatika imebaki robo, tukaanza upya. Kosa moja tu jekundu linatosha kuharibu faili zako, usiseme "ni dogo".

Ikitoa makosa, zima, futa meno ya RAM kwa kifutio cha penseli, rudia. Yakibaki, pima stiki moja moja kwenye sloti ile ile, XMP ikiwa imewashwa. Inayofeli peke yake, hamishia sloti nyingine kwanza, maana huenda mbovu ni sloti. Ikifeli na huko, irudishe dukani. Zetu kila moja ilipita peke yake, zikiwa pamoja zinafeli. Maana yake hazielewani, na hakuna wa kumrudishia. Dawa ni kushusha spidi: tukaweka 2933, mizunguko minne, makosa sifuri. Dogo anaishi na 2933 mpaka leo na gemu haijakata tena.

Hatua ya 7: Hakiki

Ctrl+Shift+Esc, kisha Performance, kisha Memory. Soma Speed. Ukikuta 2133 au 2400 wakati uliweka zaidi, XMP haikuhifadhiwa. Na siku ukisasisha baiosi, XMP mara nyingi hujizima yenyewe, kwa hiyo ipige picha ile kurasa ya mipangilio kwa simu kabla hujafunga kasha.