SOMO: Jinsi ya kufumbua neno la Wheel of Fortune kabla ya mshiriki wa kwenye TV

Wakuu habari za jioni. Sisi tulioko huku Marekani hii gemu ya TV, ambayo washiriki wanazungusha gurudumu lenye hela na kutaja herufi mpaka wafumbue maneno yaliyofichwa kwenye ubao, tunaikuta kila jioni, ipo hewani tangu Januari 1975, Pat Sajak kaiongoza toka 1981 mpaka 2024 akamwachia Ryan Seacrest, ila Vanna White bado yupo kwenye ubao wa herufi. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa natoa macho tu, sasa hivi nawahi hata wenyeji, twende taratibu.

Kwanza soma kategoria. Wakiandika Before & After ujue ni misemo miwili imeunganishwa na neno la katikati, yaani kama useme "Dar es Salaam aleikum". Ukilijua hilo nusu ya kazi imeisha.

Pili, acha kuangalia gurudumu, hela zile sio zako. Angalia vineno vifupi. Kisanduku kimoja peke yake ni A au I, vitatu mara nyingi ni THE au AND, na neno refu likiishia na N halafu G, kisanduku cha kabla ya hiyo N weka I bila kuuliza.

Tatu, na hapa ndo waswahili tunakwama, akili yetu inakimbilia A maana kwetu vokali zimejaa, kumbe Kiingereza kinabebwa na konsonanti. Anza na T, N, R, S, L. Vokali pale inanunuliwa dola 250, na ya kwanza kununua ni E.

Nne, raundi ya mwisho wanakupa bure R S T L N E, unaongeza konsonanti 3 na vokali 1, halafu sekunde 10 tu za kujibu. Wengi walizoea C, D, M na A, mimi naweka H na G kwanza.

MASWALI

Mkuu, herufi ikitokea mara tatu hela inakuwaje?
— Inazidishwa. Gurudumu likisimama kwenye 500 ukataja T na zipo 3, una 1,500. Vokali ni 250 ile ile hata zikitokea tano.

Na gurudumu likisimama kwenye Bankrupt (kufilisika) ndo basi unarudi nyumbani?
— Hapana, zinaondoka za raundi hiyo na zamu yako. Ulizoshinda raundi za nyuma zipo salama.

Nataka kucheza na watoto kwa Kiswahili, inawezekana?
— Inawezekana ila itakuwa rahisi mno, karibu kila neno letu linaishia na vokali. Nyumbani tumepandisha A mpaka 1,000 na K na W tumezifanya zilipe nusu tu, na bado binti yangu wa miaka 9 ananifunga.