Hedifoni za bei nafuu: anza na muziki unaousikiliza

Mtu akienda kununua hedifoni swali la kwanza huwa "zina besi?" na jibu la muuzaji ni lilelile siku zote, zina besi balaa. Besi ni tamu, naipenda sana, ila kama muda wako mwingi ni kwaya au rumba basi hedifoni inayomwaga besi juu ya kila kitu itakunyima kilekile unachokifuata kwenye wimbo, na kama hela ni ya kubana hakuna kusema nitanunua nyingine wiki ijayo. Kwa hiyo kabla hujaangalia bei, chukua ule wimbo unaourudiarudia halafu jiulize sikio lako linakimbilia nini, ni ngoma na besi, ni sauti ya mwimbaji, au ni magitaa?

Tuanze na watu wa hip hop, amapiano, rege na muziki wa klabu. Kwa hela ndogo hapa za kuchomeka ndani ya sikio ndo zinashinda, na sababu yake ni ya kifizikia kabisa. Sikio la binadamu linasikia kuanzia kama hezi 20 mpaka 20,000 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, namba ndogo ni sauti nzito, kubwa ni sauti nyembamba), uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa kama hezi 41, na besi zinazotengenezwa kwa kompyuta zinashuka chini ya hapo. Sauti ya chini hivyo inataka hewa iliyofungiwa kati ya spika na ngoma ya sikio, ikipata upenyo tu imepotea, hata hedifoni iwe ya gharama kiasi gani. Kwa hiyo usiseme "hizi hazina besi" kabla hujabadilisha vile vimpira vya kwenye ncha. Mara nyingi kwenye boksi wanaweka saizi tatu, jaribu zote, na masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutaka saizi tofauti. Kipimo chake rahisi, weka wimbo wenye besi nzito halafu sukuma hedifoni ndani taratibu kwa kidole, besi ikiruka ghafla ujue kimpira ni kidogo au hakijakaa vizuri.

Ila kuna besi ya kina na kuna besi ya kuvimba, na hizi za bei ya chini nyingi zinakupa ya kuvimba, yani inayofura kuanzia kama hezi 100 mpaka 300 ambako ndo sauti ya mwanaume na gitaa la ridhimu vinakaa, matokeo yake kila kitu kinakuwa na ukungu. Ukitaka kuijua weka wimbo wa rege, maana pale besi ndo inatembea na melodi, halafu ifuate noti kwa noti, ukiona noti zimeungana zikawa mvumo mmoja achana nazo.

Wapenzi wa kwaya, gospo na taarabu, nyie mnachohitaji ni sauti za katikati zilizo wazi. Mi kipimo changu kwa kwaya ni sauti ya pili, naifuata ubeti mzima kuona kama soprano haijaimeza, na tena waimbaji wake wasikike kama watu wanaoimba sio kama mvumo nyuma ya ukuta. Kingine sikiliza zile herufi S na SH, hedifoni rahisi nyingi zinapandisha kati ya hezi 5,000 na 8,000 ili zionekane kali, dukani inavutia, nyumbani baada ya nusu saa zinachoma. Zikichoma kwenye wimbo wa kwanza hazitapoa baadaye, usidanganywe kwamba utazizoea.

Rumba, jazi na okestra ni habari nyingine, hapo unataka nafasi. Kuna hedifoni zilizo wazi kwa nyuma, sauti inapumua haijikusanyi sikioni, Sennheiser walianza kuuza za aina hiyo mwaka 1968 na HD 414. Kwa bei nafuu kuna Koss Porta Pro ambayo ipo tangu 1984, kuna ndugu yake KSC75 ya kuning'iniza sikioni, na Superlux HD 681 ambayo ni nusu wazi. Weka rumba ile sehemu ya kuchezea, solo na ridhimu zikiwa zinajibizana, kama unaweza kuonyesha kwa kidole kila gitaa limesimama wapi basi umefika. Ubaya wake ni kwamba kelele za nje zinaingia na jirani anasikia wimbo wako, kwenye gari la abiria hazifai, na besi ya chini kabisa haipo sana. Roki na metali nenda kwenye zilizofungwa za studio kama Audio-Technica ATH-M20x, ila sikiliza matoazi, yasisikike kama mchanga unamwagwa.

Maandishi ya kwenye boksi yasikuhangaishe. "Hezi 5 mpaka 40,000" haikwambii sauti imepangwaje katikati, na spika nne kwenye sikio moja sio lazima zishinde moja iliyotengenezwa vizuri. Namba ya kuangalia ni omu, yani ukinzani wa hedifoni kwa umeme, 16 mpaka 32 kwa kawaida simu inasukuma bila shida, 250 utahitaji amplifaya na hiyo ni hela nyingine.

Waya au Bluetooth? Kwa hela ileile waya inakupa sauti nzuri zaidi kwa kawaida, kwa sababu hulipii betri wala saketi, ila kama simu haina tundu hesabu na bei ya adapta. Ukichukua Bluetooth usilipie LDAC, ule mfumo wa kutuma sauti ya ubora wa juu kwa Bluetooth, kama unatumia iPhone, haiitumii.

Ukienda kujaribu beba nyimbo zako unazozijua mpaka pumzi za mwimbaji, zima ekolaiza (ile sehemu ya simu ya kuongeza na kupunguza besi na sauti kali), na ukilinganisha mbili hakikisha zinalia kwa kiwango kimoja maana inayolia kwa nguvu zaidi hata kidogo siku zote inadanganya kuwa ndo nzuri. Unavaa miwani? Jaribu nayo, mikono ya miwani inainua mito ya zile za kufunika sikio na besi inavuja hapohapo.

Ukishanunua ndo uwashe ekolaiza, na anza kwa kupunguza kinachokukera kabla ya kuongeza unachokitaka. Ukiongeza besi kwa desibeli 5, shusha sauti ya jumla humohumo kwenye ekolaiza kwa desibeli 5 pia, la sivyo ngoma zikipiga pamoja sauti inaanza kupasuka utadhani spika imekufa.